Fimbo ya Katibu

Baba,

Nimeianza barua hii mara tatu nikiwa na huzuni, na mara zote tatu nikaishia kukasirika. Basi acha niandike hivyo hivyo. Wewe mwenyewe ulisema heri mtoto anayenuna mezani kuliko anayenuna chumbani.

Ripoti ya kamati ilirudishwa.

Ile ya chemchemi. Ile uliyoikusanya miaka tisa, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ukiingia kinamasini na gambuti, unasimama ukingoni, unazamisha fimbo yako mpaka igonge lile jiwe bapa, kisha unaandika kwenye daftari maji yamefika wapi. Ukimaliza unaupiga picha ukurasa na kunitumia huku Doha, nami siku yangu ya mapumziko nakaa kitandani Al Wakrah, kwenye nyumba ya kampuni, nachapa kwa simu. "Maji fimbo moja kasoro vidole viwili." "Maji fimbo moja kasoro vidole vitatu." Mwaka wa mwisho ikawa, "Maji nusu fimbo." Nilichapa kama ulivyoandika. Na kusoma kwangu kote mpaka kidato cha nne, sikuwahi kuuliza fimbo yenyewe ina urefu gani.

Unajua mtaro uliochimbwa upande wa juu. Waliouchimba wanataka kinamasi kikauke, kigawanywe viwanja, na mashamba ya chini yabaki kutegemea mvua. Ripoti yenu ndiyo iliyokuwa inasema, kwa miaka yote hiyo, maji yalikuwa hapa, na tangu mtaro uchimbwe yako pale. Wazee wakavaa makoti wakaipeleka kaunti. Mzee Wekesa, mwenyekiti wako, alinitumia ujumbe wa sauti kunieleza yaliyotokea. Nilimsikiliza nikiwa kwenye zamu yangu ya ulinzi, mlangoni mwa jengo letu la Al Sadd, nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika.

Yule afisa alisoma ukurasa mmoja, akauliza, "Fimbo ya nani?"

Mzee Wekesa akajibu, "Ya katibu."

"Katibu yuko wapi?"

"Tulimzika."

"Na fimbo?"

"Tulimzika nayo."

Akawarudishia karatasi zao. Akasema walete vipimo vya mita kabla ya kikao cha ardhi, la sivyo watajadili bila ripoti. Wazee wazima, Baba. Miaka tisa wanajitolea, wanatembea kwenye matope bila kuitwa na mtu, halafu siku ya mazishi wanasimama pale kaburini na kusema mwenzetu hawezi kuondoka mikono mitupu. Wakaiweka ubavuni mwako ndani ya sanduku. Kipimo cha kaunti nzima.

Lakini nitamlaumu nani? Niliiona. Ruhusa yangu ilitoka siku mbili baada ya kuzikwa kwako, kwa hiyo nilikuzika kwa simu, nimeegemea ukuta wa jiko la watu wengi, mtandao ukikatika na kurudi. Niliona fimbo ikiingia. Nilisema moyoni, vizuri, ameenda na rafiki yake. Nililia kwa ajili ya fimbo kabla sijalia kwa ajili yako. Sikuwaza chemchemi hata kidogo.

Na wewe pia nina neno nawe. Nilikutumia tepu ya kupimia, ya manjano, ya mita tano, ndani ya katoni pamoja na blanketi la Mama. Nikakuambia pimia maji. Ukasema, "Nimeiona, mama, ni nzuri sana, naiweka isiharibike." Mama aliikuta kabatini ikiwa kwenye nailoni yake. Hukuifungua hata siku moja. Ulikuwa unaitunza kwa ajili ya nani?

Wazee walifika nyumbani kujadili. Mmoja, sitamtaja, alipendekeza kaburi lifunguliwe kidogo tu, kwa heshima. Mama aliwakaribisha chai. Walipomaliza akawaambia, "Atakayegusa pale ataondoka na fimbo nyingine mgongoni." Wakaondoka bila kuaga vizuri.

Ndipo nikakumbuka picha.

Ile asubuhi ya kuondoka kwangu. Mvua ilikuwa imenyesha, nikavaa gambuti zako kufika barabarani, viatu vyangu vya safari mkononi. Langoni ukaisimamisha fimbo kando yangu, ukamwambia Mama apige picha. "Tazama, Nafula na fimbo wamelingana bega. Usirefuke huko Uarabuni. Ukichelewa kurudi nitaiangalia fimbo nikumbuke ulivyo." Nikakuambia uache mambo yako, gari litatuacha. Nilikuwa na haraka, Baba. Picha yenyewe inaonyesha nimekunja uso.

Niliikuza kwenye simu. Kichwa cha fimbo kiko sawasawa na mfupa wa bega langu. Kumbe nilikuwa nacho kipimo muda wote huo, na kuzunguka nacho hapa Doha nikifungulia watu milango.

Nilimwomba Musa, fundi wa jengo letu, Mganda mmoja mcheshi, anipime kutoka sakafuni hadi begani. Nikavua viatu, nikasimama ukutani kwenye stoo ya mafagio. Akaniuliza, "Nyabo, bibie, nani anakushonea gauni la gomesi?" Nikamwambia napima kina cha maji. Akaitazama sakafu kavu, akanitazama mimi, akanipima. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, nilipomweleza ni fimbo ya baba.

Zikabaki gambuti, maana pichani nimezivaa. Nikampigia Mama, nikamwambia apime unene wa soli pale kisiginoni. Nikasikia nailoni ya tepu ikichanika. Alisoma sentimita akiwa analia.

Sentimita mia moja thelathini na sita. Hiyo ndiyo fimbo yako. Niliyageuza madaftari yote kuwa mita, Ijumaa nne mfululizo, nikaambatisha ile picha na maelezo. Mzee Wekesa akaipeleka ripoti kaunti. Safari hii afisa aliisoma yote. Kikao kimesema mtaro usiendelee hata hatua moja mpaka waje wapime wenyewe pale penye jiwe. Hatujashinda, lakini maji yamepata muda.

Na kwenye ukurasa wa mwisho, mahali pa jina lako, wazee wameniandika mimi kuwa katibu. Hawakuniuliza. Niko ng'ambo, nalinda mlango, nao wananitumia ajenda.

Sikukataa.

Lala, Baba. Kamati usiihangaikie, nitahangaika nayo mimi. Mkataba ukiisha nitarudi, nitakata mti mnyoofu ulingane na bega langu nikiwa ndani ya gambuti zako, na Jumamosi ya kwanza nitakuwa kwenye jiwe lako, tepu mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Na nimeshamwambia Mzee Wekesa, wazee wote wakisikia: hii ya kwangu haizikwi na mtu.

Binti yako,
Nafula