Vinundu vya Zaina

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, mto Lualaba umejaa, na moyo wangu ni mzito.

Mkono wangu umepona. Vile vinundu vyekundu vilivyokuwa vikitoa damu kila nikivigusa vimenywea, yamebaki madoa tu. Daktari aliogopa ni kansa ya ngozi, ile inayotupata sisi wenye virusi vya UKIMWI, hasa mtu kama mimi niliyechelewa kupima. Kipande cha kinundu kikapelekwa Kinshasa. Majibu yakarudi: ni bakteria. Viroboto wa paka huibeba, ukikwaruzwa inaingia. Mwenye kinga nzuri hata hashtuki; sisi inatuotesha vinundu. Akaniandikia vidonge vya kawaida kabisa.

Nilipaswa kufurahi.

Dada yangu Zaina alikufa wakati wa vita na vinundu hivi hivi. Treni ilikuwa haifiki tena, tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Watu walisema amerogwa na wakwe zake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe, tukaziosha zile aya kwa maji, akanywa. Majirani waliogopa hata kukalia mkeka wake. Mama alipoona upweke unammaliza, akampelekea paka wetu alale naye. Kwetu Waislamu paka ni safi, hata akinywa maji ya udhu hatuyamwagi. Kutwa kucha alikuwa kifuani pa Zaina, na vinundu vikazidi kuota.

Vidonge kama vyangu hata vita havikuvimaliza sokoni. Labda virusi vingemchukua tu. Lakini asingekwenda vile, shuka limejaa damu. Inaniuma, jamani. Inaniuma sana.

Nilikuwa nimeapa Mama asijue. Leo asubuhi akanikuta namfungia nje paka wetu wa sasa, akauliza amekosa nini. Nikamweleza nusu nusu, viroboto, bakteria, vidonge. Akaushika mkono wangu, akayapapasa yale madoa polepole.

"Ya Zaina ilikuwa njo hii?"

"Hapana, Mama. Ile ilikuwa ingine."

"Usinidanganye, mwanangu. Mimi njo nilikuwa namuosha."

Hakulia. Alifungua mlango, akasimama anamtazama paka akilowa. Sikujua anataka kumwingiza ama kumfukuza. Nadhani na yeye hakujua.

Mpaka sasa mlango uko wazi, mvua inaingia ndani, na mimi nimekaa naandika. Nimwambie nini mama aliyempa mwanawe kiumbe pekee kilichokubali kulala naye?