Kijaa cha Bibi yangu

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kwa mapenzi. Sote hapa Ndia Kuu tu wazima. Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kumkosoa mkubwa anapokosea.

Nilipokuwa darasa la tano, tulipelekwa kutazama kinu cha zamani cha unga kule Makupa. Mtembeza wageni akatangaza kwamba kabla ya mashine zile, kisiwani hapakuwa na aliyejua kusaga.

Nikamwambia, "Bibi yangu husaga mtama kwa kijaa, mawe mawili yanayozungushwa kwa mkono."

Akacheka. "Kijaa? Kimejaa nini?"

"Kimejaa unga, bwana."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaniamuru niombe radhi, nikakataa. Akaniadhibu nisimame ndani ya basi hadi shuleni. Njiani moyo ukamlainika, akanionyesha kiti.

Sikukaa.

Bibiyo akupendaye,
Mwanaisha