Mama, Si Wewe Uliyemwita

Maskati, Jumamosi baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe, maana najua mdomo umenifungia, lakini moyo hujanifungia. U hali gani? Magoti je, ngazi za nyumbani unazipanda vizuri au bado unashuka umekaa, kidato kwa kidato? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba Sabra yuko kazini kwenye karakana yao ya viyoyozi. Bado namwita Baba Sabra, sina jina jingine la kumwita. Na mie nashona mabuibui hapa nyumbani, ila tumbo limeshafika pahala ambapo cherehani nakaa nayo upande.

Barua hii anakuletea Bi Kije, mtu wa Tumbatu tunayekaa naye jengo moja, anakuja likizo. Nimemwambia akutie mkononi. Soma mwenyewe polepole, usimpe Ramla, maana mdogo wangu yule akiona mstari unaumiza atauruka. Ujumbe wa sauti nimetuma, nasikia ukiwekwa wewe unatoka chumbani. Sasa nimeona bora karatasi. Ukiondoka itakungoja.

Mama, nimeitazama ile filamu.

Najua ulikataza isitajwe mbele yako. Sikuitafuta. Ijumaa iliyopita Bi Kije alitualika chakula cha mchana, wanawake watano, wote wa Unguja na Pemba. Tumemaliza pilau, wakasema kuna filamu imechezwa kwetu Mji Mkongwe, ya kusikitisha, tuitazame. Nilitaka kuondoka, nikaona haya. Nikakaa karibu na mlango.

Wewe ulicheza vipande vyako tu, hukuiona yote, basi nakusimulia. Yule mwigizaji mkubwa, msichana mwenye macho makubwa, ndiye mama wa mtoto. Mtoto anakwenda kuogelea Forodhani na wenziwe, harudi. Mama mtu akili zinamruka, mume anamwacha, mwisho na yeye anaingia baharini. Wewe ndiye bibi wa mtoto. Unatoka mara tatu tu: unamchana nywele, kisha mlangoni siku ya msiba, na mwisho kabisa umekaa peke yako hakuna wa kumchana.

Yule msichana analia, mama! Anajigaragaza, anapiga ukuta. Zuhura, mwenzetu mmoja wa Pemba asiyeishiwa na mzaha, akasema, "Mbona wanja hautoki? Wanja wa wapi huo, na mie nikanunue!" Tukacheka wote. Hata mie nilicheka, Mungu anisamehe.

Ndipo ukatoka wewe. Watu wamejaa ndani, viatu vimerundikana mlangoni. Unakuja na birika la kahawa. Unasimama. Katikati ya viatu vya watu wazima mna ndara ndogo za yule mtoto, moja imelala kifudifudi, soli juu. Unaweka birika chini. Unainama kwa lile goti lako bovu, unaigeuza ile ndara, unaiweka sawa na mwenzake, vidole vinatazama nje, kama ulivyokuwa ukituwekea asubuhi tukienda chuoni kusoma Kurani. Mkono unabaki juu yake. Hulii. Halafu unachukua birika lako unaingia kuwapa watu kahawa.

Zuhura yule yule akavuta mtandio akajifunika uso. Bi Kije akasema, "Huyu bibi kanimaliza. Yule mwengine analia. Huyu kafiwa."

Nikasema, "Mamangu huyo."

"Nani?"

"Huyo mwenye birika. Mama yangu mzazi."

"Toka hapa!" Zuhura akanirukia. "Una mama kama huyo, umetukalia kimya mwaka mzima?"

Nikaanza kulia. Nililia kilio ambacho sikulia siku tuliyomzika Sabra, maana siku ile waliniambia nisubiri, mtoto ni ndege wa peponi, nikasubiri. Wakanishika, nikawaeleza yote. Kwamba ulicheza kipande kile Sabra ana miezi miwili, na wiki sita baadaye akafariki. Kwamba jirani mmoja pale mtaani alikwambia, "Si ulicheza na msiba, haya umekuja." Kwamba uliniambia kwenye simu, "Ni mimi nimemwita," na tangu siku hiyo simu yangu huishiki. Na kwamba juzi Ramla kanipa salamu zako: nisije kuzalia kwako, mikono yako ina uchuro, niende Fumba kwa mkwe wangu.

Bi Kije hakunipa pole. Aliniuliza, "Mtoto alikuwa na nini?"

Nikamjibu.

"Mamako anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi unatulilia sisi nini? Kamwambie yeye."

Mama, nisamehe. Sabra alizaliwa na tundu la moyo. Tuliambiwa siku ya tatu. Daktari akasema asipandishwe ndege, na ndiyo maana sikuja kukaa arobaini yangu kwako. Nilikwambia karatasi za baba yake hazijatoka. Ukanuna, ukasema nimeshakuwa mtu wa Uarabuni, na mie nikaona bora unune kuliko uogope. Ile siku uliyonitumia picha umejifunga kanga ya msiba unacheka, ukasema, "Mwanangu, uzeeni nimekuwa nyota," mie nilikuwa hospitali, Sabra kalazwa na mipira puani. Nikakujibu, "Mashaallah, umependeza." Kabla watu wa kamera hawajafika uchochoroni kwetu kuazima viti, daktari alishatwambia huenda asitimize mwaka.

Basi ulimwitaje? Alikuwa ameshashika njia, mama. Sisi wazazi wake tulijua, wewe hukujua. Nilidhani nakupunguzia, kumbe nilikuachia mzigo mzima. Na baada ya mazishi, niliposikia unajilaumu, kila siku nilisema nitakwambia kesho. Niliogopa utanichukia. Nimekuacha unateseka mwaka mzima kwa sababu ya woga wangu. Hilo ndilo kosa langu, na uchuro haumo.

Na wala hukucheza na msiba. Nimekuona kwa macho yangu. Ramla aliniambia zamani kwamba walikutaka upite tu na kahawa, hakuna aliyekwambia uiname. Ulimwinamia mtoto wa watu kama wako. Mtu wa kuita kifo hafanyi vile.

Sasa sikiliza. Huyu aliye tumboni ana miezi sita na nusu. Wamempima moyo mara mbili. Daktari anasema anauona mzima, lakini hawezi kuapa mpaka azaliwe. Mwenzio naogopa. Nashona, nasimamisha cherehani, nangoja acheze ndipo niendelee. Kisha najiambia inshaallah, huyu ni wa kukaa.

Tiketi imeshakatwa, nakuja mwisho wa mwezi. Fumba siendi. Mkwe wangu mtu mwema, lakini hakunizaa yeye. Nataka unikande wewe kwa maji ya moto, unifunge tumbo wewe, unigombeze nikikataa uji wa pilipili manga. Ukinifungia mlango nitakaa barazani na tumbo langu hili, wapita njia wote wakuulize, na unavyowajua wa mtaani kwetu. Na akizaliwa na kasoro, Mungu apishe mbali, utajua saa ile ile, kutoka mdomoni mwangu. Tutaogopa sote wawili.

Nisalimie Ramla, mwambie asinune, nimemficha barua kwa wema. Nisalimie bibi huko Makunduchi nikimwamkia kwa heshima zote, na mjomba Haji, kaka yako, aliyekuwa akikufanyia mzaha kuwa utahamia ng'ambo na waigizaji. Yule jirani wa lile neno usimpe salamu zangu. Nitamsalimia mwenyewe nikifika, na nitamweleza vizuri.

Baba Sabra anakuamkia, anasema anaomba radhi na yeye, kwani tulificha wawili.

Ukimaliza kusoma nipigie, mama. Ukikosa la kusema, guna tu. Nitajua ni wewe.

Mwanao anayekupenda,
Salma