Vibandiko Ishirini Laini

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi amerudi kutoka semina. Kuanzia Ijumaa makumbusho yetu ni "ya watu wote". Mimi, mtayarishaji wa maonyesho, nimepewa siku nne. Watu wote — siku nne!

Jumanne, 4 Machi
Mteremko wa viti vya magurudumu umekamilika. Unapanda vizuri hadi mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma haufunguki. Fundi anasema aliambiwa mteremko, hakuambiwa mlango.

Jumatano, 5 Machi
Vibandiko vya nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, vimefika, ishirini. Vinapendeza mno. Jioni nikampelekea dada kimoja, najisifu kimoyomoyo. Dada haoni tangu akiwa na miaka sita. Kazi yake ni kufundisha watoto kusoma nukta hizo. Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Akageuza upande wa pili.
"Mdogo wangu, hapa hamna kitu."
Nikagusa mwenyewe. Laini kama sahani. Mchapaji kachapa picha ya nukta — wino mtupu. Na nani alikagua sampuli? Mimi. Kwa macho.
Dada alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ameishi mtaa mmoja na makumbusho miaka thelathini, hajawahi kuingia. Aingie kufuata nini? Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemweleza mkurugenzi. Akasema vibandikwe hivyo hivyo, nani atajua, wageni wote wanaona. Nikajibu ndiyo, mkuu. Ndiyo, mkuu!! Nikampigia dada: kesho saa nne, uje. Akauliza, kama mgeni au kama shahidi? Nikasema uje tu.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika chooni, nimejifungia.
Dada alikuja na gauni lake zuri. Mkurugenzi kuona fimbo nyeupe, furaha, vibandiko vitupu kavisahau! Akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya kamera, akamwomba awasomee wageni kibandiko cha mtungi mkubwa, ule ulio kwenye kabati la vioo. Nilitaka kusema. Nikasogea nyuma ya wageni.
Dada akaweka kidole. Akasoma kwa sauti yake ya darasani: "Hapa — hapajaandikwa — kitu."
Mkurugenzi akapiga makofi bila kusikiliza. Wageni wakafuata. Kisha makofi yakakatika, mmoja mmoja, kadiri walivyoelewa.
Nikadhani dada ataondoka. Wapi! Akauliza, kwa upole kabisa, ufunguo wa kabati anao nani. Anataka kuushika mtungi.
Ninao mimi. Mfukoni. Nikakimbilia huku nao. Mkurugenzi anapita koridoni, ananiita kwa jina langu lote, anasema nisithubutu kulifungua kabati. Na kule ukumbini dada bado amesimama, mkono kwenye kioo, namsikia akiwaambia wageni yeye hana haraka —