Nilimwonyesha Kiboko Mtoto Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini nianze kwa kusema kwamba mimi ni mtu mwenye furaha, usije ukafikiri hii ni barua ya mlalamishi. Mimi ni Mkuria, kwetu ni kando ya mto, karibu na mpaka wa Tanzania, nimeolewa hapa Homa Bay na fundi wa baiskeli ambaye ni Mjaluo, nimwite Javan ingawa si jina lake, na mwaka wangu wa kwanza mjini nilikuwa mpweke sana kwa sababu sokoni watu waliongea Kijaluo kitupu na mimi nikasimama na kikapu changu nikicheka pale wenzangu walipocheka.

Basi tangu ziwa lilipopanda wakati wa ile mvua kubwa ya miaka tulipopata Uhuru, maji yamefika karibu na nyumba tunayopanga, na viboko waliopoteza malisho yao huja kula nyasi nyuma ya maduka. Asubuhi moja nilitoka kuanika nguo, kumbe kiboko amesimama pale, dume kubwa lenye sikio lililochanika, na mimi, mshauri, badala ya kukimbia nikaweka beseni chini nikasimama kimya, kwa sababu kiboko ndiye mnyama wa ukoo wetu, hatumli, hatumpigi, na baba alitufundisha kwamba ukikutana naye unaacha ulichoshika unamsalimu kama mzee wako. Nikamsalimu kwa Kikuria. Akainua kichwa akanitazama huku akitafuna, nikahisi kwamba watu wa kwetu wamejua nilipo, nikalia kwa furaha na kumshukuru Mungu pale pale, maana nimebatizwa na sioni kosa kumshukuru Muumba kwa kiumbe chake. Tangu hapo nikawa namsalimu kila anapokuja, upweke ukanitoka, hata Kijaluo nikaanza kukiongea bila aibu.

Mwaka huu nimejifungua binti, tena kwa shida, na mama mkwe alikuja kutoka kisiwa cha Rusinga akanikanda, akanipikia uji na samaki, na kwa kuwa mila yao haimruhusu mama kulala nyumbani kwa mwanawe, alilala kwa jamaa yake upande wa pili wa mji na kuja kwangu kila alfajiri kuwasha moto. Nilipopata nguvu nikaona si haki yule mzee wa sikio asimwone mtoto, baada ya mema yote aliyonitendea, basi kulipopambazuka nikamfunika binti vizuri, nikashuka naye hadi kwenye matete alikokuwa akila, nikamwinua juu, nikasema asante, huyu ndiye. Mara sufuria ikaanguka nyuma yangu. Alikuwa mama mkwe, amekuja kuiosha ili anipikie uji.

"Wewe nyar Kuria! Hiyo mtoto unapatia nani?"

Ndivyo anavyoniita, binti wa Wakuria. Nikajaribu kueleza, nikachanganya lugha tatu, hakusikia hata moja, kwa sababu kwao anayeongea na wanyama wa majini kabla jua halijatoka ni jajuok, mchawi anayewafuga, na mtoto anayepelekwa kwao anarithishwa uchawi. Siku hiyo hiyo akapanda boti kurudi Rusinga, na hakumshika mjukuu wake hata kwa kuaga. Javan ananiambia, "Mimi najua wewe si jajuok, lakini mama ni mama. Akikataa kurudi, itabidi wewe uende kwenu kwanza." Sasa nifanye nini, mshauri? Niape kanisani kwamba nimemkana kiboko? Nitamkanaje aliyenipa moyo? Nampenda mume wangu, naipenda nyumba yangu, na sijatenda ubaya.

Wako mwenye shukrani nyingi,
Nyar Kuria, Homa Bay

*

Mwanangu Nyar Kuria,

Nimecheka, kisha nikaogopa, kisha nikakasirika, yote kwa barua moja.

Acha nikugombeze kwanza. Umekulia kando ya mto, unajua vizuri kiboko anavyovunja mtumbwi na watu ndani yake, halafu unamwinulia mtoto mchanga kama unayempeleka kwa padri! Awe mzee wa ukoo au asiwe, yeye hajui ukoo wenu. Kuanzia leo utamsalimu ukiwa mlangoni, mtoto akiwa kitandani. Hilo halina mjadala.

Lakini sikwambii umkane. Wengi huja mjini wakakaa miaka bila kiumbe hata kimoja cha kuwafanya wajisikie wapo. Wewe ulipata wako penye kamba ya nguo, ukajua kumshukuru Mungu. Mimi mwenyewe korongo wakipita juu ya paa la ofisi hii naweka kalamu chini, na mhariri wangu ananiona mvivu. Na usiape kanisani. Ukiapa kwamba umeacha uchawi, umekiri kwamba ulikuwa nao.

Sasa nisikilize. Nimeisoma barua yako tena nikitafuta mahali ulipomwambia mama mkwe asante, na sikupaona. Kiboko amepata salamu, amepata machozi, ameinuliwa mtoto. Mama aliyekukanda, aliyekatiza mji mzima na umande miguuni ili uamke ukute moto, amepata mstari mmoja, tena ukiwa njiani kwenda kwa kiboko. Sidhani kama ni uchawi tu uliomtisha. Alikuja na sufuria ya kukupikia, akakukuta unampa mnyama shukrani ambazo yeye hajawahi kuzisikia. Mtu akiumia hivyo, neno jajuok halikawii kumtoka.

Usingoje kurudishwa kwenu. Jumamosi hii pandeni boti wote watatu, mchana kweupe. Habari za mila ya Wakuria ataeleza Javan, baadaye, kwa Kijaluo kilichonyooka, na mwambie nimemkasirikia kwa kuwa alinyamaza wakati mkewe anaitwa mchawi. Kazi yako wewe ni nyingine. Kaa chini karibu na mama. Mshukuru kwa kukukanda, kwa uji, kwa samaki, kwa moto, ukitaja kimoja kimoja. Akikuuliza kama umeachana na yule mnyama, usimjibu bado. Mpe mtoto amshike.