Kisu cha Mkasi wa Mabati

Jumatatu, 3 Juni
Chai, skonzi mbili, kufagia karakana. Baridi ya Tunduma leo haina adabu, nimevaa makoti mawili.

Mkasi wa mezani wa kukatia mabati bado hauna kisu cha juu. Kile cha kiwandani kilipasuka wiki iliyopita, nilikatia nondo kwa uvivu wa kutafuta msumeno. Kosa langu. Nimevuka mpaka hadi Nakonde kutafuta kingine, hamna. Mabati ya kanisa la Itaka yameegemea ukuta, wanayataka Ijumaa. Mzee wa kanisa kapiga simu mara tatu. Nikishindwa kazi watampa fundi wa Mbeya, na watu watasema mwanamke na chuma wapi na wapi.

Nitakitengeneza mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Kuchagua chuma. Nondo ni laini mno. Tupa kuukuu ni ngumu lakini itavunjika kama biskuti. Springi ya lori ndiyo yenyewe, na mji huu malori ndiyo wenyeji. Dereva mmoja kaniachia jani moja la springi lililokatika.

Nimelipaka mafuta ya taa, nikafuta, nikapaka chaki. Penye ufa mafuta huchungulia. Upande mmoja yamechungulia, nimeukata nikatupa. Uliobaki umetoa visu viwili. Viwili tu. Nimevipasha na kuvizika kwenye majivu vilainike, jioni nikatoboa matundu na kuchonga makali. Mgongo wote unauma. Nina furaha.

Jumatano, 5 Juni
Baba kaja kutoka Itaka. Yeye na babu walifua majembe maisha yao yote.

Nilikuwa nimeandaa oili chafu ya kuchovyea kisu kikitoka motoni, kiwe kigumu. Baba akasema maji, sisi kwetu ni maji. Wateja wawili wanasikiliza. Kumpinga baba mbele ya moto, kwetu haifanyiki. Nilijua springi si chuma cha jembe, maji yanaishtua. Nilijua, na nikachovya kwenye maji.

Tii! Ufa kutoka tundu hadi tundu.

Nimekasirika. Si kwa baba. Kwa woga wangu. Lini nitaacha kuomba ruhusa kwenye karakana yangu mwenyewe? Baba kalala bila kula.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwamkia, kisha nikamwambia leo ni oili. Akaitika marahaba, basi. Akaenda kukaa nje juani, kaninunia waziwazi.

Moto ukashika. Kuna sumaku ya spika mbovu nimeifunga kwenye waya: ikiacha kunata, chuma kimeiva. Lakini mkono mmoja una koleo, mwingine unazungusha feni ya kupulizia moto. Nageuka, baba kashaishika sumaku. Ilipoacha kunata akaniitikia kwa kichwa, nikachovya kwenye oili ya vuguvugu.

Moshi hadi barabarani. Kisu kimya, hakijalia. Jamani! Nilitaka kucheza.

Halafu kikaingia kwenye oveni yangu ya kuokea skonzi kwa saa mbili nzima, kupunguza ugumu kisije kikavunjika kama kioo. Kimetoka na rangi ya ganda la mkate. Oveni inanuka oili, potelea mbali.

Ijumaa, 7 Juni
Alfajiri nimekinoa kisu na kukifunga kwenye mkasi. Mabati yote yamekatwa, hakuna lililochanika. Makali hayajameguka hata chembe.

Mzee wa kanisa kaja na gari, kapitisha kidole kwenye kisu, kisha akamshika baba mkono: hongera mzee, damu ya wafuachuma haipotei. Nikainama kufunga mabati. Nilidhani baba ataipokea hongera hiyo.

Kasema, "Changu ni kile pale, kimepasuka. Hiki ni cha huyu."

Nimekaza kamba ileile mara tatu ili nisiinue uso.

Jumapili, 9 Juni
Baba alisema angeondoka jana. Bado yupo. Tumerudi ibadani, tukala viazi na maharage, tukaota jua.

Kaniuliza polepole kama jembe nalo laweza kuchovywa kwenye oili. Maisha yangu yote hajawahi kuniuliza habari za chuma. Nimemjibu sijui, na sikuona aibu.