Kaka Yako Anapika, na Nyumba Haijaanguka

Blacktown,
Sydney, Australia.
Tarehe 7 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Falone,

Pokea salamu zangu, na za wote walio ndani ya nyumba hii. Je, mmeamkaje huko Bukavu? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unakusumbua ukiinama? Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Baridi ya huku imeanza kulegea, na binti yetu Gloire amerefuka hata sare ya shule imemkataa. Anaelewa Kiswahili chote tunachomwambia, ila majibu yake ni Kiingereza kitupu. Tumeshazoea.

Ulipompigia simu kaka yako juzi mimi nilikuwa kazini, lakini alinieleza mliyozungumza. Umesikia kwamba Akilimali anapika, anafua na anamsuka mtoto nywele, ukamwuliza kama nimemlisha dawa. Wifi, sikukasirika. Kama mimi ndiye ningesikia hivyo kuhusu kaka yangu, huenda ningeuliza hivyohivyo. Ndiyo maana nimeona nikuandikie mwenyewe, uyapate kutoka kwangu. Ni kweli anapika. Bugali wake sasa ni mzuri kuliko wangu. Sombe ya majani ya muhogo bado anaizidisha chumvi.

Mambo yalianzia Fairfield. Kila Jumamosi huwa naenda huko kwenye kituo cha wanawake, ambako mwalimu mmoja Mkenya, Bridget, anatufundisha aliyoyasomea chuo kikuu, yaani nadharia za ufeministi. Neno hilo lilinitisha mwanzoni. Nilidhani ni masomo ya kuwachukia wanaume. Kumbe ni masomo ya kuuliza maswali. Siku moja alituuliza nani aliyeamua kwamba kazi za nyumbani ni za mwanamke. Wengine wakasema Mungu, wengine wakasema mila. Akatuambia, "Haya, tuseme ni hivyo. Mbona kazi hizohizo zikiwa na mshahara, wanaume wanazifanya bila aibu?"

Nilirudi na swali hilo kwenye treni njia nzima. Unajua kazi ya kaka yako. Kwenye nyumba ya wazee anawaogesha vikongwe, anawalisha uji, anawabadilishia nepi, anawatandikia vitanda. Anafanya kwa moyo, na jamaa za wazee hao wanamshukuru. Kisha anarudi nyumbani, anakaa kwenye kochi, anangoja mimi niliyesimama kutwa nzima ghalani Lidcombe nimletee maji ya kunawa.

Haukupita muda, wakuu wa ghala wakataka niwe msimamizi wa zamu ya jioni. Nilifurahi sana. Nilipomweleza Akilimali, neno lake la kwanza lilikuwa, "Na chakula cha jioni?"

"Utapika wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Jana umempikia uji mzee ambaye si ndugu yako. Gloire ni damu yako."

Akasema, "Ile ni kazi, Chibalonza."

"Na hii ni kazi vilevile. Haijawahi kuitwa kazi kwa sababu naifanya mimi."

Kwa siku kadhaa maneno yalikuwa machache kati yetu. Sitakudanganya, niliogopa. Lakini nafasi ile niliipokea. Jioni ya kwanza aliunguza maharagwe, wakala mkate na chai. Hakulalamika, wala mimi sikumcheka. Taratibu akazoea, tena akaanza kuniambia mambo ya Gloire ambayo mimi mwenyewe sikuyajua, kwa kuwa sasa mtoto humsimulia yeye huku akikatakata vitunguu.

Halafu akaja Mzee Venant, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakongomani. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, pamoja na wanaume wawili. Walikuwa wamepanga kumchagua Akilimali awe katibu. Wakamkuta anamsuka Gloire, aliyekaa chini kati ya miguu yake. Mzee Venant akasema anawafedhehesha wanaume wenzake, na kwamba mtu anayetawaliwa nyumbani kwake hapewi uongozi.

Nilikuwa na jibu langu tayari. Akilimali akanionyesha kwa mkono nisubiri. Akasema polepole, bila kuacha kusuka, "Mzee Venant, mama yako alipougua hapa, nani alimwogesha?"

Mzee Venant akasema, "Ni wewe."

"Ulinishukuru mbele ya kanisa zima. Hukusema nimemfedhehesha mtu. Na huyu ni mwanangu."

Waliondoka bila hata kunywa chai. Ukatibu wakampa mwingine, na wifi, jambo hilo lilimuuma kaka yako. Niliona. Lakini jikoni hakutoka. Na siku ya uchaguzi nilisimama nikauliza kwa nini sisi tunaopika katika kila msiba na kila arusi hatujawahi kupigiwa kura hata mara moja. Aliyeanza kupiga makofi ni Akilimali. Leo mimi ni makamu wa mwenyekiti. Wapo wanaonuna bado, na Mzee Venant hunisalimia kwa mkato, lakini kwenye vikao ananisikiliza.

Sasa nije kwenye lililonikosesha raha. Umemwambia kaka yako kwamba binti yako Ornella ataacha shule muhula huu ukiisha, abaki na wadogo zake wakati wewe uko sokoni Kadutu, na Précieux aendelee kusoma kwa sababu ni mvulana. Najua mzigo ulio nao, na najua unawapenda wote sawasawa. Lakini nakuomba, usimtoe. Précieux ana mikono miwili na afya njema. Wagawane: huyu achote maji, yule apike, huyu awaangalie wadogo leo, yule kesho. Wote wawili watachoka kidogo, na wote wawili watamaliza shule.

Hili si wazo langu peke yangu. Akilimali atakupigia Jumapili ijayo, na amesema kwanza umpe Précieux simu, amwelekeze mwenyewe namna ya kupika sombe. Kwenye chumvi asimfuate mjomba wake.

Nisalimie Mama mkwe, umwambie Gloire anamwombea. Nisalimie shemeji Libère na wadogo wote. Mungu akutie nguvu, aibariki biashara yako, na awafikishe watoto wetu wote, wa kike na wa kiume, mbali kuliko tulikofika sisi.

Ornella mwambie hivi: asubuhi avae sare, aende darasani.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Chibalonza